Mfundishe Mtoto Kuisoma Picha



Jioni moja, saa ya watu kufunga biashara, nilisimama katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikisubiri chenji yangu kwa bibi mmoja anayeuza kanga barazani. Pembeni yake, juu ya robota la nguo, alikaa mjukuu wake wa darasa la pili, sare ya shule bado mwilini na kitabu cha hadithi mapajani. Mtoto alikuwa akisoma kwa sauti. Nilivutiwa, maana alisoma bila kukwama. Kelele za wauzaji na za wasukuma mikokoteni hazikumbabaisha hata kidogo.

Hadithi ilikuwa ya kijana aliyetumwa dukani na mama yake. Ukurasa ule ulisema tu kwamba alirudi nyumbani jua limekuchwa, na kwamba mama yake alimtazama, asiseme neno. Mtoto alipofika mwisho wa ukurasa, bibi akamwuliza, "Haya mume wangu, niambie. Mbona huyo mama kanyamaza?"

Mtoto akarudi juu ya ukurasa, akaisoma tena aya nzima kwa sauti ile ile. Bibi akauliza mara ya pili. Mtoto akajibu, "Sijui, bibi. Haijaandikwa."

Bibi akaacha kukunja kanga, akainama. "Hebu nionyeshe hiyo picha. Huyu mtoto kashika nini?"

"Chupa."

"Ina kitu?"

"Haina. Imeinama, mdomo uko chini."

"Na mkono wa nyuma kaficha nini?"

Mtoto akausogeza ukurasa karibu na macho. "Mpira! Bibi, alikuwa anacheza mpira, mafuta yakamwagika!"

"Basi mama yake kanyamaza kwa nini?"

"Ana hasira." Kisha akaitazama tena picha, akakawia kidogo. "Lakini hamwangalii mtoto. Anaangalia chupa. Labda hana pesa nyingine."

Ndugu wasikilizaji, sidhani kama bibi yule aliwahi kupita chuo cha ualimu. Lakini katika dakika zile chache alimfundisha mjukuu wake somo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku bila kulifundisha. Alimfundisha kwamba picha iliyo kitabuni imewekwa ili isomwe. Hilo ndilo ninalopenda tulizungumze leo.

Kwanza tujiulize: inakuwaje mtoto asome vizuri namna ile na asielewe? Jibu moja limo katika lugha yetu wenyewe. Herufi za Kiswahili ni nyepesi. Karibu kila herufi ina sauti yake moja, na silabi hazina hila. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, na ndugu zake, anaweza kulitamka neno lolote utakalomwandikia, hata lile ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Mwandikie "kihenge" au "nahodha", atalitamka sawasawa. Ukimwuliza kihenge ni kitu gani, mtoto wa Gerezani au wa Mnazi Mmoja atakutumbulia macho, kwa sababu mahindi yeye anayajua yakiwa gunia, hajayaona yakihifadhiwa shambani.

Wepesi huu wa herufi ni neema kubwa. Walakini ndani ya neema hiyo mna mtego. Mzazi akisikia mtoto anatiririka, anaridhika. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani akisikia sauti inatoka, anaweka alama ya vema na kumwita mwingine. Hakuna aliyegundua kwamba sauti imetoka lakini maana haikuingia. Kosa hilo hufichika mpaka darasa la nne au la tano, mtoto anapokuta swali ambalo jibu lake halimo katika sentensi moja. Hapo anaanza kuitwa mzito wa akili, na penginepo anaanza kuuamini uzito huo yeye mwenyewe.

Utafiti wa Uwezo, ambao kwa hapa Tanzania ulianza mwaka 2010, uliwapima watoto majumbani kwa ngazi: herufi au silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika mwaka ule wa kwanza ilionekana kwamba takriban watoto 3 tu kati ya kila 10 wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Tangu hapo juhudi zimefanyika. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipangwa upya ili mkazo uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu, zile tunazoziita KKK. Lakini kusoma kwenyewe kuna ghorofa mbili. Ya chini ni kutamka, na ya juu ni kuelewa. Picha ni mojawapo ya ngazi zinazompandisha mtoto kutoka ile ya chini kwenda ile ya juu.

Sasa picha inafanya kazi gani hasa?

Kazi ya kwanza ni kumweka mtoto mahali pa hadithi. Kabla hajasoma neno, anajua kama ni mjini au shambani, mchana au usiku, masika au kiangazi. Akili yake inakuwa imeshafungua mlango.

Kazi ya pili ni kulipa neno umbo. Kihenge kikichorwa kando ya nyumba, na kuku chini yake, mtoto wa Kariakoo hahitaji maelezo marefu. Kadhalika mtoto wa Sumbawanga ambaye hajaiona bandari ataijua kwa mchoro wa meli na winchi.

Kazi ya tatu ni kuonyesha moyo wa mtu. Mwandishi ataandika, "Mama akanyamaza." Kunyamaza kuna aina nyingi: kwa hasira, kwa huzuni, kwa hofu, hata kwa furaha iliyozidi. Ni uso uliochorwa, na mabega, na mikono, vinavyomwambia msomaji ni kimya cha namna gani.

Kazi ya nne, na ndiyo kubwa, ni kusema lile ambalo maneno hayakulisema. Ule mpira nyuma ya mgongo haukuandikwa popote. Mchoraji aliuweka kwa makusudi ili msomaji aunganishe mwenyewe. Mtoto anayezoea kuunganisha hivyo katika picha anajifunza namna ya kusoma kati ya mistari, kazi ambayo baadaye ataifanya hata pale ambapo hakuna picha.

Kuna watu watakaosema, "Picha nayo inafundishwa? Si kila mwenye macho anaona?" Wahenga walisema macho hayana pazia, na ni kweli. Lakini kuona na kusoma ni mambo mawili. Mwaka 1960 mtafiti mmoja wa Afrika ya Kusini, William Hudson, alichapisha matokeo ya majaribio yake. Aliwaonyesha watu mchoro wa mwindaji aliyeinua mkuki, mbele yake swala, na katikati yao tembo mdogo aliyechorwa juu ya kilima ili aonekane yuko mbali. Aliwauliza mwindaji anamlenga nani. Wako waliosema swala, na wako waliosema tembo. Wataalamu waliokuja baadaye waliikosoa michoro ile kwamba ilikuwa mikavu mno, haina hata majani ya kuonyesha umbali. Hata hivyo funzo moja limebaki: kuchora kitu kidogo ili kimaanishe kiko mbali ni mapatano baina ya mchoraji na mtazamaji. Mwenye kuzoea vitabu anayajua mapatano hayo kiasi kwamba amesahau kuwa aliwahi kuyajifunza. Mtoto asiye na kitabu nyumbani hajaambiwa.

Na mapatano yako mengi. Vile vistari nyuma ya gurudumu maana yake ni mwendo. Kiputo juu ya kichwa ni maneno au mawazo. Mtu yule yule akichorwa mara tatu katika ukurasa mmoja si pacha watatu, ni mtu mmoja katika nyakati tatu. Mtoto asipoelezwa haya, atatazama bila kusoma.

Sisi watu wa mji huu hatuna sababu ya kuliona jambo hili geni, kwa sababu tumelelewa na picha. Wazee wanaukumbuka uchaguzi mkuu wa Septemba 1965, ambapo wagombea ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma apige kura yake bila kuongozwa mkono. Ilikuwa michoro miwili tu, lakini wananchi hawakuichukua kama michoro tu. Walijadili jembe lina maana gani kwa mkulima na nyumba ina maana gani kwa familia, na wagombea nao wakaitumia michoro hiyo kujinadi. Miaka ya 1970, wapo waliolifungua gazeti la Uhuru wakianza na Chakubanga, yule mtu wa katuni za Christian Gregory, ndipo warudi kwenye habari. Baadaye vijana wakayapokezana magazeti ya Sani mpaka kurasa zikachanika, wakifuatana na vituko vya Madenge na Ndumilakuwili. Wengi walijizoeza kusoma pale, chini ya dawati, kuliko katika kitabu cha darasani.

Hata kanga ni shule. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke anayechagua kanga dukani hulisoma jina, akautazama mchoro wa mjini, akapima kama vinaafikiana na ujumbe anaotaka kuupeleka. Huyo anasoma maneno na picha kwa pamoja. Ndiyo maana sikustaajabu sana kwamba mwalimu wangu wa jioni ile alikuwa muuza kanga.

Basi tuje kwenye utaratibu. Mzazi au mwalimu afanye nini? Napendekeza hatua tatu, na hakuna hata moja inayodai fedha.

Hatua ya kwanza ni kabla ya kusoma. Mpe mtoto kitabu, mwambie asisome kwanza. Aangalie jalada, kisha afunue kurasa mbili tatu za mwanzo na kutazama picha tu. Muulize: unaona nini? Wako wapi? Unadhani kutatokea nini? Jibu lake likiwa kombo, usilikate. Liache pale, hadithi yenyewe itamsahihisha. Mtoto aliyebahatisha anasoma kwa hamu ya kujua kama amepatia.

Hatua ya pili ni wakati wa kusoma. Akimaliza ukurasa, mrudishe kwenye picha kwa maswali ya aina mbili. Kwanza, "Maneno haya uliyosoma, yako wapi katika picha?" Aweke kidole. Pili, "Kuna kitu gani katika picha ambacho hakikuandikwa?" Swali hili la pili ndilo lililoufichua mpira. Kisha umwongezee neno moja tu: "Umejuaje?" Mtoto anayesema "ana hasira" aonyeshe hasira hiyo iko wapi: katika nyusi, au katika mkono uliokunjwa? Akijizoeza kutoa ushahidi angali mdogo, hatakuwa mtu wa kusema tu ilimradi amesema.

Hatua ya tatu ni baada ya kusoma. Funika maandishi kwa kiganja, mtoto akusimulie hadithi kwa kufuata picha, kwa maneno yake mwenyewe. Siku nyingine fanya kinyume: funika picha, asome, kisha achore yeye anachokiona akilini. Usimcheke kama ng'ombe wake anafanana na meza. Wewe tazama kama ng'ombe yuko mahali pake na anafanya lile alilofanya katika hadithi.

Hapa nitoe tahadhari, maana dawa ikizidi ni sumu. Picha isigeuzwe kuwa mkongojo wa kukwepa herufi. Wako watoto werevu ambao wakiona mchoro wa paka hutamka "paka" kabla hawajalitazama neno, kumbe limeandikwa "nyau" au "kipaka". Mtoto akikwama kwenye neno, asielekezwe kwenye picha ili abahatishe. Aelekezwe kwenye silabi, moja baada ya nyingine, mpaka alitamke. Akishalitamka ndipo aende kwenye picha kutafuta maana. Herufi zimpe neno, picha imsaidie kulielewa. Tukichanganya kazi hizo mbili, tutakuwa tumemwondoa katika shimo moja na kumtumbukiza katika jingine.

Tahadhari nyingine: picha nazo hukosea. Utakuta maandishi yanasema wasichana wawili, mchoro una watatu. Wengine hukasirika. Mimi nasema ni bahati, mwachie mtoto alione kosa. Siku atakapokuambia, "Hapa mchoraji amekosea," ujue kwamba amesoma vyote viwili na kuvilinganisha.

Najua walimu mnaonisikiliza mnauliza, "Picha yenyewe iko wapi?" Ni swali la haki. Kitabu kimoja kinagombewa na vichwa vinne au vitano, na aliye pembeni anaiona picha upande au kichwa chini. Mara nyingine kinachofika darasani ni fotokopi, na mchoro uliokuwa mzuri umekuwa doa jeusi. Mara nyingine hadithi inanakiliwa ubaoni bila mchoro wowote, na mpira nyuma ya mgongo unapotea hapo hapo.

Haya hayamalizwi kwa maneno ya redioni. Lakini yapo yanayowezekana. Mwalimu anaweza kuchora picha moja kubwa kwenye karatasi ya manila, ile yenye fumbo la hadithi, akaibandika ukutani darasa zima liione. Asiyejua kuchora amtafute mwanafunzi wa darasa la sita anayejua, hakosekani. Kalenda za zamani, maboksi ya bidhaa na vipande vya magazeti, vyote hivi vimezagaa katika mitaa ya Sikukuu, Mchikichi na Narung'ombe, na kila kimoja kina picha ya kuulizia maswali. Wazazi wa katikati ya mji nanyi mna hazina karibu. Kutoka Kariakoo ukikatiza Mnazi Mmoja na kuifuata barabara ya Bibi Titi Mohamed, unafika kwa miguu Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, na humo mna sehemu ya watoto.

Vitabu navyo havikuota kama uyoga. Mwaka 1991 ulianzishwa hapa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji akitoa kitabu bora cha watoto, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni na maktabani, naye mchapishaji anabaki na nakala za kuuza. Hivyo hakuogopa hasara. Pamoja na hayo, mradi uliendesha warsha za waandishi na za wachoraji. Waasisi wake walikuwa wameng'amua kwamba kitabu cha mtoto kina waandishi wawili, mmoja wa kalamu na mmoja wa brashi.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1658 mwalimu mmoja mzaliwa wa Moravia, Comenius, alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha watoto ambacho kila somo lilikuwa na mchoro wake, na vitu vilivyochorwa vimewekewa namba zinazolingana na maneno. Mtoto asome neno, akitafute kitu. Huo ni ule ule utaratibu wa kuweka kidole niliousema hivi punde.

Kwa wachapishaji wetu nina ombi moja. Msimwite mchoraji siku ya mwisho, kitabu kimeshapangwa, mkampa nafasi zilizobaki azijaze. Mpeni aisome hadithi nzima kwanza. Mchoraji asiyesoma hadithi atachora kijana mwenye chupa, basi. Aliyesoma atauweka na mpira.

Na kwa wazazi, hasa wale ambao shule mliiacha mapema au hamkuipata kabisa. Wengi wenu mtoto akileta kitabu nyumbani mnasema, "Mimi sijui hayo, subiri baba yako arudi." Msiseme hivyo tena. Picha haidai cheti. Mzazi asiyejua herufi hata moja anaweza kukaa na mwanawe mkekani na kumwuliza: huyu ni nani, kaficha nini, umejuaje? Mtoto ndiye atakayesoma maneno. Wewe kazi yako ni kumzuia asipite ukurasa akiwa mtupu.

Jioni ile chenji yangu ilipatikana, nikaaga. Nilipokuwa naondoka, mtoto alikuwa ameshafunua ukurasa unaofuata. Safari hii hakuanza kusoma. Alikitazama kitabu kwanza, kisha akamwuliza bibi yake, "Bibi, unadhani watamnunulia mafuta mengine?"

Bibi akamjibu, "Soma, tuone."

Nami kwa leo naishia hapa. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.